Nilipofuta Neno "Wawili"

Nyakahanga, Jumatano, saa nane mchana

Editha mwanangu,

Umeondoka asubuhi kwenda Ihembe kumuaga bibi yako, na kwa jinsi ninavyokujua utakuwa umerudi kabla jua halijazama. Nina kama saa nne. Nimewahi kuandika habari ndefu kuliko hii kwa muda mfupi zaidi, lakini hii nimeichelewesha miaka minane, kwa hiyo nivumilie ikianza kwa kusuasua.

Mambo ya safari sitayagusa. Shangazi yako ameshakupa yote, tena kwa sauti kubwa, kama vile masikio yako ni mlango ambao ukigongwa kwa nguvu utafunguka. Basi la Bukoba, meli ya Mwanza, sanduku lipi likae chini, nani atakupokea bandarini, vyote umeandikiwa. Huko kiwandani watakufundisha kupanga herufi. Nimeambiwa mitambo ya uchapaji hupiga kelele kiasi kwamba mafundi wote huongea kwa mikono. Nimefurahi kusikia hivyo.

Ninaandika kwa sababu ya jambo moja. Simu haikufai. Ukishavuka ziwa, kati yako na mimi itabaki karatasi tu, na tangu ile likizo ya Desemba ulipokuwa na miaka kumi na mmoja hujaniandikia karatasi hata moja. Ukiondoka hivyo kesho, nitakuwa nimekupoteza. Nitaendelea kupata habari zako kama ninavyopata za mikoa mingine, kwa kusimuliwa.

Mama yako alipokuwa hai, barua zako za shuleni zilikuja kwa jina lake. Alipofariki nilijua kwamba sasa zitakuja kwangu. Zikaenda Ihembe, kwa bibi yako, ambaye hajui kuandika hata jina lake. Ulijua vizuri kwamba msomaji wake ni mimi. Kila barua ilipofika alinitumia mtu, nami nikapanda baiskeli, nikakaa kwenye kigoda chake na kusoma: "Bibi shikamoo. Mimi mzima. Mvua nyingi. Nimesuka kikapu, mwalimu amependa. Msalimie Baba."

"Soma tena hapo mwisho," bibi yako alisema siku moja.

"Msalimie Baba."

"Haya, Baba, unasalimiwa." Alikuwa anamenya ndizi, hakuinua macho. "Mtu ana mtoto anayejua kuandika, yeye mwenyewe anakula kwa kuandika, halafu salamu zake zinapitia kwa kikongwe asiyejua kusoma. Mmefanyiana nini?"

"Hatujafanyiana kitu, Mama."

"Basi aliyefanya ni mmoja. Na mtoto simdhanii."

Nilikasirika njia nzima nikirudi. Nilikasirika kwa sababu sikujua nimefanya nini, na mimi ni mtu ambaye hulipwa ili ajue.

Sasa najua. Nitakueleza kwa mpangilio, kwa sababu sijui namna nyingine ya kueleza.

Kwanza nikupe kitu ambacho sijawahi kukusimulia. Mwaka ule wa vita, sabini na nane, wewe hujazaliwa, nilikuwa kijana mwenye daftari jipya. Watu walikuwa wanashuka kutoka Kyerwa na vijiji vya mpakani, wana mikeka kichwani na wazee migongoni. Mimi nilisimama kando ya njia nikiuliza. Asubuhi mtu mmoja akaniambia kwamba mzee fulani, mwenye ng'ombe wengi, ameuawa nyumbani kwake. Jioni mwingine, asiyejuana na yule wa asubuhi, akaniambia vilevile. Mashahidi wawili, maneno yanalingana. Kwa kanuni za kazi hiyo ni habari. Nikaituma.

Wiki tatu baadaye mwanamume mrefu mwenye fimbo alisimama mlangoni kwangu.

"Wewe ndiye mwandishi?"

"Ndimi. Shikamoo, mzee."

"Usiniamkie, maiti haiitikii." Akaingia, akaketi bila kukaribishwa. "Nimesikia nimekufa. Nimekuja kuuliza nilikufa kwa kitu gani, maana nimemkuta mke wangu ameshanyoa nywele."

Nilimwambia nilikuwa na mashahidi wawili. Akatikisa kichwa.

"Walikuwa wanakimbia hao. Mtu anayekimbia hageuki nyuma. Ungeningoja mimi."

Hakutaka fidia wala masahihisho gazetini. Alitaka nimtazame tu. Tangu siku hiyo sijaandika habari ya mtu aliye hai bila kumtafuta mwenyewe. Nimewahi kutembea kutwa nzima kwenda Nyakatuntu kwa ajili ya sentensi moja ya mkulima wa kahawa, na mhariri wangu Dar es Salaam alicheka mpaka akakohoa. Kanuni hiyo nimeishika miaka ishirini. Niliivunja mara moja, na aliyeumia ni wewe.

Ulipokuwa na miaka mitano ulipata homa ya uti wa mgongo. Ulipona, masikio hayakupona. Hayo unayajua. Usilolijua ni kwamba mama yako alianza kuongea na wewe kwa mikono kabla hata hujatoka wodini, ishara za kubuni, nyingine mbaya, nyingine za kuchekesha, na kufikia mwaka uliofuata mlikuwa na lugha. Mimi nilikuwa na kazi. Nilijua ishara nne: njoo, kula, maji, hapana. Nilijiambia kwamba ukienda shule utajua kuandika, na hapo ndipo tutakapokutana, wewe na mimi, kwenye uwanja ninaoujua. Unaona hesabu yangu ilivyokuwa. Wewe ndiye uje kwangu.

Ukajifunza kweli. Na ile Desemba, uliporudi likizo, mama yako hakuwepo. Alikuwa Nyakatuntu kwa mdogo wake aliyejifungua pacha, na alikaa huko mpaka wewe umesharudi shule. Nyumba ilibaki na sisi tu, pamoja na ishara zangu nne.

Siku zako zilikuwa dukani kwa Baba Koku. Yule bwana wa Muleba alikuwa ameleta kutoka Nairobi mashine mbili ndogo za michezo, za kushika mkononi, rangi ya majivu, kubwa kidogo kuliko kipande cha sabuni. Zilikuwa zimetoka karibuni tu. Hata Bukoba walikuwa bado hawajaziona. Moja alimpa binti yake, ya pili akaiweka kwenye kabati la kioo kati ya redio na saa. Nilikuona mara nyingi mmekaa na Koku kwenye benchi la nje, yeye anabonyeza, wewe umelaza kidevu begani kwake unatazama vitofali vikidondoka. Halafu mnabadilishana. Niliona vizuri. Nikaandika kichwani: mtoto anatamani mali ya mwenzake.

Halafu jioni moja ukaniwekea karatasi juu ya mashine yangu ya kuchapia. Ilikuwa barua yako ya kwanza kwangu. Ninayo mpaka leo, nainakili kama ilivyo:

"Tata. Naomba nunua mimi mashine ya mchezo. Iko duka Baba Koku. Mashine ni wawili. Usichelewa, likizo fupi. Editha."

Editha, nilikuwa nimetoka kusoma kurasa kumi za habari zangu zilizorudishwa na mhariri. Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi. Nasema hivyo kama maelezo, si kama kinga.

Nikaisahihisha. "Naomba uninunulie." "Iko dukani kwa." "Usichelewe." "Likizo ni fupi." Na pale uliposema wawili nikapiga mstari, nikaandika juu yake "mbili". Nilidhani unarudia maneno ya muuzaji, kwamba mashine ziko mbili, moja imechukuliwa, tuwahi. Chini kabisa nikaongeza, kwa mwandiko mzuri ili usipate shida: "Umejitahidi. Lakini mashine ni mbili. Wawili husemwa kwa watu."

Nikairudisha mezani kwako. Kuhusu ombi lenyewe sikuandika kitu, kwa sababu nilikuwa bado sijafanya uchunguzi.

Uchunguzi nilioufanya ulikuwa mzuri sana. Pesa haikuwa kikwazo, kahawa ilikuwa imelipwa wiki ile. Nilitaka kujua tu kama kitu kile kinakufaa. Daftari ninalo hapa.

Nilianza kwa Baba Koku. "Mwandishi," aliniambia, "hii Nairobi yenyewe hawajashiba nayo. Nikuwekee, au unangoja mpaka iandikwe gazetini?"

Nikamuuliza mwinjilisti wa usharika wetu kama ni kamari.

"Kuna kushinda na kushindwa?"

"Kuna."

"Anayeshinda hupata nini?"

"Hapati kitu. Anaanza upya, na vitofali vinaongeza kasi."

Akafikiri. "Basi si kamari hiyo. Hicho ni kilimo."

Nikamwendea muuguzi mmoja mstaafu, jirani yetu. Yeye hakutania. "Huyu mtoto masikio yamekwisha," alisema. "Macho ndiyo masikio yake. Utayachosha kwa tofali?" Na mwalimu mmoja, mtu ninayemheshimu, akaniambia jambo lililonimaliza: "Tayari yuko peke yake. Ukimpa kioo cha kutazama atahamia humo, na hutamtoa."

Vyanzo vinne. Kila kimoja nimekinukuu kwa usahihi. Nikayapima yale maneno siku kadhaa, nikaamua hapana, kwa ajili ya macho yako na upweke wako. Nikaenda dukani nikamwambia Baba Koku asiniwekee. Siku chache baadaye aliiuza kwa ofisa mmoja wa forodha. Likizo ikaisha, nikakusindikiza mpaka kwenye basi. Uamuzi wangu sikukwambia. Nilifikiri umeshauona, maana kabati lilikuwa na nafasi tupu.

Mzee wa Kyerwa alikuja kwa miguu kuniambia, "Ungeningoja mimi." Wewe ulikuwa unalala chumba cha pili.

Mama yako aliporudi Januari aliikuta ile karatasi chini ya godoro lako alipokuwa anatandika. Akaja nayo uani.

"Tata Editha, hii umeielewa?"

"Nimeielewa. Ana tatizo la ngeli."

"Mwenye tatizo yupo," alisema, "ila si la ngeli."

"Una maana gani?"

"Mtafute mwenyewe umuulize. Si ndiyo kazi yako?"

Gari la halmashauri lilikuwa linanipigia honi barabarani, nilikuwa nakwenda kwenye mkutano wa chama cha ushirika. Nikamwambia tutaongea. Hatukuongea. Yalikuja mengine, kisha mengine tena. Mama yako alikuwa na sifa moja ambayo sikuithamini wakati wake: jambo akishalisema mara moja halirudii. Miaka miwili baadaye aliugua, na wiki zile za mwisho tuliongea mambo mengi, hilo halikuwemo.

Alipokwenda yeye, ilikwenda na lugha. Unakumbuka zile siku baada ya matanga. Tulikaa sebuleni wewe na mimi, sahani mezani. Ulifanya kitu kwa mikono, kirefu, vidole vinakwenda na kurudi, na macho yako yananiuliza kama nimeelewa. Nikakuletea maji. Ulikunywa. Nadhani hukuwa na kiu.

Mwaka uliofuata wakimbizi kutoka Rwanda walifurika wilaya yetu, na mimi nilikuwa kambini kuliko nyumbani. Niliandika habari za watoto waliopotezana na wazazi wao. Wahariri walizipenda. Nilimtafuta kila mzazi, nikamsikiliza, nikaandika jina lake herufi kwa herufi. Nyumbani nilikuwa na binti aliyekuja likizo na kuondoka, na nikirudi namkuta ameshaondoka.

Sasa nikueleze nilivyojua.

Mwaka jana nilikuwa Bukoba bandarini, nangoja meli iliyochelewa. Pembeni yangu alikaa mama mmoja na mabinti zake, mmoja mkubwa kidogo, mwingine wa miaka minane hivi. Kila mmoja alikuwa na mashine kama ile ya kwa Baba Koku, na kati ya mashine na mashine kulikuwa na waya. Walikuwa hawaongei. Mara mdogo alicheka, mkubwa akapiga kelele, wote macho chini.

Nikauliza, kwa mazoea tu. "Huo waya ni wa nini?"

Mdogo hakuinua kichwa. "Ni ya wawili."

"Yaani ziko mbili?"

Hapo alinitazama kama mtu asiyejua kitu. "Si mbili, babu. Wawili. Mimi na Dada. Nikimaliza mstari kwangu, kwake vitofali vinapanda. Anaona nimemfanyia nini."

"Unamwambia?"

"Kwa nini nimwambie? Anaona."

Meli ilikuja, wakapanda. Mimi niliachwa. Nilikuwa nimekaa na daftari limefunguka gotini, na nilichoandika siku hiyo ni neno moja tu.

Ulikuwa sahihi. Katika barua nzima, sehemu moja ambayo ngeli yako ilikuwa kamili kabisa ndiyo niliyoipigia mstari. Uliandika watu, nikafuta nikaandika vitu. Kisha nikakufundisha, kwa mwandiko mzuri, kwamba wawili husemwa kwa watu.

Kwa kuwa sikuwa na haki tena ya kuamini ninavyodhani, nilikwenda Muleba kumtafuta Koku. Baba yake alihamisha duka mwaka uliofuata ile likizo, unajua. Nilimkuta ana mtoto mgongoni na ungo mkononi, anaanika kahawa.

"Shikamoo, Baba Editha."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuuliza kitu cha zamani."

Nilipomaliza kueleza aligeuza kahawa kwa mguu.

"Waya ulikuwa kwangu," alisema. "Ulikuja na mashine yangu. Tulipanga. Yeye akipata yake tunaunganisha, kila mtu na ya kwake, hakuna kushikana bega tena. Alisema, alisema kwa mikono, kwamba humo ndani hakuna kiziwi. Nilimngojea likizo nzima, Baba. Kila asubuhi najua leo atakuja nayo."

"Hukuja kuniambia?"

"Kwako?" Alicheka kidogo, kwa adabu. "Tulikuwa tunakuogopa. Ulikuwa na kalamu sikioni."

"Yeye alikwambia kwa nini hakuipata?"

Akaweka ungo chini ili apate mikono. Kwanza akaandika hewani. Halafu kwa kidole akakata alichoandika, mara moja, mara mbili, mara nyingi. Halafu akagusa hapa juu ya pua, kwa vidole viwili.

"Hivi," alisema. "Anaandika, anafuta. Nani? Huyu."

"Huyu nani?"

"Wewe." Akagusa tena juu ya pua. "Miwani. Ndilo jina lako. Hukujua?"

Sikujua, Editha. Kwa zaidi ya miaka kumi nilikuwa na jina mikononi mwako, na mtu wa kwanza kuniambia alikuwa mke wa mtu huko Muleba. Nimeitwa majina mengi katika kazi hii, mengine ya matusi, na yote nilikuwa nayajua. Usiku mmoja baadaye nilijigusa juu ya pua, hivyo, kujaribu. Ni jina zuri. Najiuliza mama yako alilitumia mara ngapi mbele ya macho yangu, mnanisema, nami nadhani anajikuna.

Koku aliniambia na jambo jingine, nalo nalileta kwako kama alivyolisema kwa sababu mwenyewe hakuniambia nilifiche. Alisema uliporudi shule hukumwandikia tena. Alikutumia barua mbili kupitia kwa dereva wa basi, hukujibu. Akadhani umempata rafiki mwingine huko. Nikamwambia nadhani hukuwa umepata mwingine, ila uliacha kuandika kwa watu wanaojua kusoma, isipokuwa mama yako. Aliinua pindo la kanga akafuta mtoto uso, ingawa uso wa mtoto ulikuwa mkavu.

Huo ndio uchunguzi wangu kamili. Umechelewa, lakini mara hii ni sahihi.

Wiki mbili zilizopita nilipokuwa Bukoba kukukatia tiketi ya meli, nilipita kwenye duka moja linalouza vitu vya umeme. Wana mashine mpya, imetoka juzijuzi, ndogo kuliko zile, na kioo chake kina rangi. Muuzaji aliiwasha, akanipa nishike. Nilisimama nayo muda mrefu mpaka akaanza kunitilia shaka.

"Ni ya mjukuu, mzee?"

"Ya binti yangu. Ana miaka kumi na tisa."

"Kumi na tisa! Huyo mnunulie kitenge."

"Waya wake upo?"

"Waya wa chaji? Hii inakula betri, mzee."

"Wa kuunganisha wawili."

Akatafuta, akaukuta chini ya kaunta ndani ya mfuko wa nailoni. Kumbe nilikuwa nimeshatoa pochi. Nilitaka kuchukua moja, iwe sandukuni kwako uikute Mwanza. Halafu nikataka kuchukua mbili. Nikajiona: nimesimama dukani, naamua tena nini kinakufaa, nimeshamuuliza muuzaji, nimeshamuuliza mtoto wa watu bandarini, nimeshamuuliza Koku. Nikairudisha juu ya kaunta na kuomba radhi. Muuzaji alisema kitu nyuma yangu kuhusu wazee. Kilikuwa cha haki.

Sikununua. Nakuambia ili usiipekue mizigo. Na nakuambia pia kwa sababu safari hii sitaki uamuzi wangu uusome kwenye kabati tupu.

Huenda hata ukacheka. Una miaka kumi na tisa, unakwenda kazini, na baba yako anakuandikia habari za vitofali. Huenda siku zile zimeshapita na hutaki kuzisikia. Ninajua pia kwamba mashine haiwezi kurudisha Desemba, wala benchi lile, wala mama yako aje kututafsiria. Mambo mengine mtu akiyakosea hayasahihishwi, hubaki yalivyo, na unaendelea kuishi nayo kama jirani mgomvi ambaye hahami.

Naona kwa dirisha watu wanaotoka kwenye kliniki ya jirani wanaanza kupungua, jioni inaingia, kwa hiyo hutakuwa mbali. Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako, sitakupa mkononi, ili usilazimike kuisoma huku nakutazama. Ukiipitia kesho kwenye basi, au ukiwa ziwani, au baada ya mwezi, ni sawa.

Nina maswali mawili tu, na nayauliza kwa mwenyewe. Je, bado unaitaka? Sema ndiyo, sema hapana, sema umechelewa, Tata. Majibu yote hayo nitayaandika kama yalivyo. Jibu lipeleke unakotaka, kwangu au Ihembe kwa bibi yako, na likifika Ihembe nitapanda baiskeli kulisoma.

Na ikiwa unaitaka, basi niambie na hili, maana bila hilo siwezi kwenda dukani. Akiwa ni Koku, nitampelekea Muleba mwenyewe. Akiwa ni mtu wa huko Mwanza ambaye bado hujamjua, nitangoja mpaka umjue. Mimi sijiweki katika hesabu hiyo. Niambie tu, kwa Kiswahili chako:

Wa pili ni nani?

Baba yako